Jiwe la Sita la Nanzia

“Aliyetumwa hakuhama.” Ndivyo alivyosema Bibi Nakiete wajukuu wake walipomweleza habari za shangazi yao, anayeomba ukaazi wa kudumu katika nchi ya ugenini anakoishi. Mwajiri wake wa huko alimpeleka kufanya kazi nchi nyingine, na sasa anaulizwa kama muda huo aliokuwa nje uhesabiwe. Vijana wakataka kujua usemi huo umetoka wapi. Bibi akaendelea kumenya ndizi, akawaambia kwamba ulizaliwa katika milima ya Upare, kwenye kijiji cha Vumbwe, na kisa chenyewe ni hiki.

Zamani watu wa Vumbwe walimwagilia mashamba kwa maji ya ndiva, bwawa walilolijenga kwa mawe na udongo juu ya kijiji. Kila mwaka, kabla ya masika, waliondoa tope na kuutengeneza ukuta wake, na kila kaya iliongeza jiwe moja. Mgeni aliyeweka jiwe kwa mkono wake mwenyewe masika saba mfululizo aliitwa mwenyeji: shamba alilopewa kwa muda likawa lake, na zamu yake ya maji haikuondolewa tena. Aliyekosa mara moja alirudisha shamba na kuanza upya. Sheria ilikuwa kali, lakini haikukosa sababu. Walikuwapo wageni waliofurahia maji, kisha tope lilipofika magotini wakatoweka.

Nanzia, mfinyanzi aliyeukimbia ukame wa tambarare na binti yake Mbeti, alikuwa ameweka mawe matano. Masika ya sita yalipokaribia, Sekiete, mzee msimamizi wa maji, alimwita pembeni. Majembe ya kijiji yalikuwa yamechakaa na chuma kimeadimika. Mtawala mmoja wa tambarare alitamani vyungu vya Nanzia, naye angelipa kwa majembe.

“Nenda ukamfinyangie,” Sekiete alisema. “Ila usimwambie mtu. Sisi ndio wafua chuma wa milima hii. Ikijulikana tumeomba majembe bondeni, watatucheka hadi makaburini.”

“Na jiwe langu, baba?”

“Nitakusemea mimi.”

Nanzia akaapa kunyamaza, akateremka na mwanawe. Majembe yalipanda mlimani kabla yake. Sekiete akayagawa bila maelezo, na watu wakamsifu Mchome, mfua chuma mzee. Kabla Nanzia hajarudi, Sekiete akafariki, na neno lake akaenda nalo.

Masika ya saba, siku ya kutengeneza ukuta, Nanzia alipanda ndivani akiwa na jiwe kichwani. Mawingu yalikuwa yameshatanda. Chini kule aliliona shamba lake na machipukizi ya migomba aliyoyapanda juzi tu. Kanyika, msimamizi mpya, alisimama juu ya ukuta ameegemea jembe lake.

“Hilo ni la ngapi, Mama Mbeti?”

“La saba, kama la sita litahesabiwa.”

“La sita mbona silioni?”

“Labda alilifinyanga likawa chungu,” mtu mmoja alidakia, na watu wakacheka.

Kanyika hakucheka. “Mwaka jana tulizama kwenye tope humu, wewe ukiwa bondeni. Kama kuna aliyekutuma, mtaje. Nani alikutuma?”

Nanzia alifungua kinywa. Macho yake yakakutana na ya Mchome, aliyekaa ukingoni ameegemea fimbo. Mzee huyo ndiye aliyempa kaa la moto usiku wake wa kwanza Vumbwe. Kusema kungemvua nguo mbele ya kijiji, na kiapo alimwapia mtu ambaye sasa ni marehemu. Mbeti akaushika upindo wa kanga ya mama yake, akauvuta.

“Siwezi kusema,” alijibu.

“Basi shamba lirudi leo, kabla maji hayajafunguliwa.”

Nanzia aliteremsha jiwe kichwani. Hakujua aliweke wapi, akabaki amelikumbatia.

“Kanyika,” Mchome aliita, “nipe jembe lako, mjukuu wangu.”

Akapewa. Akaligeuza, akalipapasa.

“Nani kafua hili?”

“Wewe, babu. Kijiji kizima kinajua.”

“Kijiji kizima kimedanganywa. Itazame shingo yake ilivyo ndefu. Mimi nilifua shingo ndefu lini? Mwaka ule mivukuto ya tanuri langu ililala, nikakaa kula sifa za jasho la mwingine. Majembe haya yametoka bondeni, yamelipwa kwa vyungu vya mama huyu. Sekiete ndiye aliyemtuma, akanidokezea mimi tu. Aliona haya kusema mbele yenu, nami nikaona haya naye.”

Hakuna aliyecheka. Mmoja mmoja waliyainamia majembe yao, wakazitazama shingo.

“Lakini sheria yataka mkono wake mwenyewe, babu,” Kanyika alisema kwa sauti ya chini. “Na mkono wake haukuwapo.”

“Mkono wake ndio huu uliokuwa umeushika tangu asubuhi,” Mchome alisema, akimrudishia jembe.

Kanyika akalipokea. Kisha akashuka ukutani, akampisha Nanzia. “Panda, Mama Mbeti. Weka hilo, kisha uweke na lile la mwaka jana.”

Maji yalipofunguliwa jioni ile, yalipita shambani kwa Nanzia kwa zamu yake.

Mwaka uliofuata akarudi mgeni mwingine, aliyekwenda bondeni kuuza tumbaku yake, naye akadai ahesabiwe kama Nanzia.

“Nani alikutuma?” Kanyika alimwuliza.

Yule bwana akatazama huku na huku. “Tumbo langu,” akakiri, watu wakaangua kicheko, naye akacheka pamoja nao.

“Tumbo si kosa,” Kanyika alisema, akimpa jiwe. “Ila hilo ni lako la kwanza.”

Kisha akaugeukia ukuta, pale mawe mawili ya Nanzia yalipokaa bega kwa bega, akasema neno ambalo Vumbwe haijalisahau: aliyetumwa hakuhama.