Kifaru Abishaye Hodi

Paukwa!

Pakawa!

Wenye masikio watege, wenye karanga watafune polepole.

Hapo zamani za kale, fisi akiwa bado ana haya, paliishi Kifaru. Mzito huyo! Akipita, di, di, di, vilima vinasogea kumpisha. Macho yake hafifu, kwake mti na mgeni ni mamoja. Lakini shabaha yake, jamani, msiniulize. Alimnyoa mbu ndevu kwa pembe, mbu akiwa angani. Alipasua karanga juu ya mgongo wa konokono, na konokono asizinduke usingizini. Na kabla ya kazi yoyote, lazima abishe hodi. Nyani alimcheka sana kwa adabu hiyo, akasema siku moja itamponza.

Basi siku hiyo Mama Digidigi alikuja mbio, analia. Chatu amemviringa mwanawe, anambana. Tembo ameogopa kupiga, asije akamponda mtoto. Chui naye amerudisha kucha zake ndani. Mama akamshika Kifaru mguu.

"Baba, ninaye huyo mmoja tu."

Kifaru akaingiwa na hofu. Akikosea kwa unywele mmoja, mtoto hana maisha. Hata hivyo akarudi nyuma hatua mia, akainamisha pembe, akatimka. Di, di, di, vumbi likatifuka! Nyani akafumba macho.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi, wenyewe!"

Sasa Chatu kalelewa na bibi yake. Hakufunzwa kumnyamazia mgeni mara tatu. Akasahau alichokuwa akifanya, akajibu, "Karibu."

Sauti ile ikamwonyesha Kifaru mahali, maana yeye hulenga kwa sikio. Na kwa kule kujibu, Chatu alilegea, kiasi cha unywele tu. Pembe ikapenya papo hapo, chwi, baina ya ngozi na ngozi. Kifaru akasimama tuli. Chatu akarushwa juu na ile pembe, akazunguka tawi la mkwaju mara saba, akajifunga fundo. Mtoto kabaki pale pale, anapepesa macho.

Mama akamkagua mwanawe unywele kwa unywele. Nywele zote zipo, ila mmoja umelala kinyume. Kifaru akaomba radhi, akaulaza sawa kwa ncha ya pembe. Vigelegele vikapigwa, na aliyepiga kupita wote ni Nyani.

Enyi wakubwa kwa wadogo, nguvu bila kipimo huvunja; nguvu yenye kipimo na adabu huokoa. Hadithi yangu imeishia hapo. Anayenibishia, akabishe hodi kwa Chatu. Fundo lake halijafunguka hadi leo.