Farasi Aliyelala Wima

Sogeeni, mniazime masikio. Palikuwa na mjane, Mwanakombo, na farasi wake mzee. Mara tatu zimwi lilikuja kumla mjane, na mara tatu lilimkuta farasi amesimama mlangoni, likatoroka.

Mara ya tatu, Mwanakombo akaona magoti ya farasi yanatetemeka, macho yamefumba. Kumbe amelala wima!

"Tangu lini hujalala chini, mzee wangu?"

"Tangu alipokufa mumeo, bibi. Nikilala chini, nani atakulinda?"

Mwanakombo akalia. Akashika mchi, akasimama mlangoni. "Lala. Leo zamu yangu."

Farasi akajinyoosha mchangani, akakoroma. Zimwi likaja, likapigwa mchi wa utosi, likakimbia lisirudi tena.

Farasi akaamka. "Ahsante, bibi."

"Ahsante ni yako, mzee wangu."

Kisa kimetua hapo. Aliyechoka na alale, mimi ningali macho.