Leso za Bwana Shekuwe

Sogeeni hapa wajukuu zangu, na anayetafuna amalize kwanza, maana sitarudia.

Bwana Shekuwe, tajiri wa mtaani kwetu, alitangaza kwamba neno leso ni mali yake. Ati babu yake alilinunua kwa Mreno, kwa mbuzi mmoja. Basi kila mwanamke ampelekee leso yake, la sivyo ahame.

Mize, ambaye alikuwa na moja tu, akamwendea.

"Bwana, ya kufutia jasho ni leso, ya kujitanda ni leso, ya mbeleko ni leso, ya kufungia maandazi ni leso. Babu alinunua ipi?"

"Zote."

"Hata ya maandazi?"

"Hata hiyo."

"Haya. Tutafungua mafundo, tukuletee."

Shekuwe akashtuka. Alijua wanawake hufunga vyao penye pindo la leso: pete, hela, hirizi.

"Nani kasema mfungue? Zije zilivyofungwa. Kilichomo ni changu."

"Useme hivyo barazani basi, wenzangu wasije wakanibishia."

Akasema barazani, na kiapo juu.

Asubuhi wanawake walikuja, wakaziweka leso kwenye zulia lake jipya, wakaenda zao kisimani. Kila leso ilikuwa na mtoto ndani.

Hata adhuhuri haijafika, Shekuwe alikuwa kisimani, pacha wawili kwapani.

"Mize, mwanangu, chukueni leso zenu. Na neno lenyewe chukueni."

Sisi tukarithi leso. Wajukuu wa Shekuwe walirithi zulia, na mpaka leo wanalianika.