Dera la Bi Mishi

Ukilitamani dera la jirani, ligeuze uone ndani. Mmenisikia nikilisema neno hili tulipokuwa tukizikunja nguo za bibi yenu, mkauliza limetoka wapi, maana shuleni hamkulisikia. Shuleni hawalijui. Lilizaliwa Tanga, mtaani kwetu, kwenye kamba ya nguo iliyofungwa kati ya nyumba yetu na ya jirani, na aliyelizaa ni bibi yenu mwenyewe. Hakuwa akilificha alipokuwa hai, basi nami sina sababu ya kulizika naye.

Jirani yetu alikuwa Bi Mishi. Yeye na mama walikuwa mashoga wa kweli. Mama alikuwa mjane anayepika vitumbua; Bi Mishi aliachwa na mumewe akiwa na mtoto mmoja wa kike, akawa anapika maandazi. Walikaa kona moja, na mteja akikosa kwa huyu alielekezwa kwa yule. Walichangiana mkaa. Ilipokuja harusi ya mtaani, walinunua kitenge kimoja cha sare, cha rangi ya machungwa chenye picha za kasa, wakakikata katikati, kila mmoja akashona nusu yake. Umaskini wao ulikuwa sawasawa, na mama aliniambia baadaye kwamba ulipokuwa sawa haukuuma sana.

Kisha Bi Mishi akaacha kupika.

"Nimepata biashara ya nguo, shoga," alisema. "Moto umenichosha macho."

Akawa anakwenda mjini na wanawake wawili wa mtaa mwingine, na jioni gari jeupe linawarudisha. Kila alipokwenda alivaa dera moja, la zambarau, pana, lenye nakshi ya dhahabu shingoni. Kabla ya kuondoka hupita kwetu na kumuuliza mama, "Saumu yuko kazini leo, au anapumzika?" Saumu ndiye mimi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nimeajiriwa kuuza katika duka la vitambaa na mashuka la Bwana Nassoro. Mama alilichukia swali lile. Alidhani anakebehiwa kwamba mwanawe ni mtumwa wa watu.

Vitu vikaanza kuingia nyumbani kwa Bi Mishi. Lilianza pazia zito la mlangoni. Ikafuata televisheni, halafu friji. Mtoto akahamishiwa shule ya kulipia, akawa anapita mbele ya chuma cha vitumbua cha mama na soksi nyeupe zilizovutwa hadi magotini. Siku ya Jumanne, siku isiyo na sikukuu wala mgeni, tulisikia harufu ya pilau.

"Jumanne!" mama alisema, akakibamiza kifuniko cha sufuria yetu. "Mtu mzima na akili zake anapika pilau Jumanne!"

Ulipofika mwezi wa Ramadhani, Bi Mishi alituletea jagi la maji ya barafu kila magharibi. Mama alipokea, akashukuru, na mgongo wa mwenziwe ulipopotea akayamwaga kwenye mpapai.

"Mama, mbona unayamwaga?"

"Maji ya kujionyesha hayakati kiu."

Mpapai ule ulinawiri mwezi mzima. Sisi tulifuturu maji ya mtungi.

Wivu, wanangu, haumfuati mtu wa mbali. Mke wa mkuu wa mkoa alipita na magari yake na mama hakuinua hata shingo. Bwana Nassoro alijenga ghorofa, mama akasema Mungu ampe zaidi. Kilichomnyima usingizi ni mwanamke aliyekuwa akimwazima chumvi. Alikaa dirishani akimtazama akianika nguo, akirudia neno moja: "Mimi nimekosea wapi?"

Nami mshahara niliouleta nyumbani ulizidi kupungua. Dukani mali ilikuwa ikipotea: mashuka, doti za kanga, vitenge vya bei. Haikupotea moja moja, ilipotea kwa mafungu. Wanakuja wanawake watatu. Mmoja anataka kitambaa cha juu kabisa, muuzaji apande ngazi. Wa pili anagombana juu ya bei mpaka kila mtu ageuke kumtazama. Wa tatu amesimama tu, mpole. Wakiondoka, rafu ina pengo. Ilitokea siku zangu za mapumziko, kwa hiyo nilisimuliwa tu na wenzangu. Lakini Bwana Nassoro hakuangalia nani alikuwepo. Kilichopotea alikikata kwetu wauzaji wote. Mama alipokea bahasha yangu, akaipima mkononi, kisha akatazama upande wa lile pazia zito.

"Wewe umesoma. Yule hajui hata kuandika jina lake."

Mwishowe akaamua kwamba siri iko kwenye lile dera. Msicheke. Hoja yake ilikuwa na mantiki. Wenye maduka huwapa watu mali kauli, yaani uchukue bidhaa, ukauze, urudishe fedha baadaye. Lakini hawampi mtu mwenye nguo yenye harufu ya mafuta ya vitumbua. Aliyevaa vizuri huvutiwa kiti na kuletewa soda. Mama aliona akipata siku moja tu ya kuonekana mtu, naye atapewa mashuka, ataanza biashara, na macho yake pia yatapumzika na moto.

Akaenda kuomba.

"Shoga, niazime lile dera la zambarau. Nina safari ya mjini."

Bi Mishi aligeukia nguo zake nyingine. "Chukua la kijani. Au lile la maua, jipya kabisa, sijalivaa."

"Nataka la zambarau."

"La zambarau ni la kazi. Hilo usiniombe."

Mama alirudi mikono mitupu, na uso wake ulikuwa mbaya kuliko siku ya msiba. "Ananipa la kijani kama mjakazi! Anaogopa nikilivaa nitapendeza kumshinda. Choyo! Tumegawana kitenge, leo ananinyima dera!"

Siku si nyingi baadaye Bi Mishi alipata habari za msiba Pangani, akaondoka haraka na mwanawe. Alipita dirishani kwetu. "Mama Saumu, nguo zangu ziko kambani. Mvua ikija nianulie."

Mvua haikuja, lakini mama alianua. Dera la zambarau lilikuwa hapo. Wanawake wa mtaani kwetu huanika nguo wameigeuza, jua lisile rangi. Bi Mishi peke yake alikuwa akilianika lile vilevile, uso nje, na majirani walisema ana fedha za kuchezea. Mama alilivaa papo hapo juu ya kanga yake. Lilikuwa zito. Ndani, kuanzia kiunoni hadi magotini, akahisi kitambaa cha pili.

Aliniambia alichosema moyoni: "Hata bitana analo!" Na badala ya kuinama atazame, akaumia zaidi.

Nilikuwa kwenye kaunta alipoingia. Niliona dera kabla ya kumwona mama. Nikajua ni la Bi Mishi, nikastaajabu, maana Bi Mishi hakuwahi kukanyaga duka letu nikiwepo. Kisha nikaona ni mama ndani yake, ameinua kidevu, anamwuliza mwenzangu Asumini kama Bwana Nassoro yupo.

Mlinzi wetu, Mbaruku, alifunga mlango.

"Ndilo!" alisema. "Tajiri, ndilo dera lenyewe! Leo limejileta."

Mama alitabasamu. Maskini, alidhani anasifiwa.

Mbaruku alimshika mkono, wateja wakapiga kelele, na waliokuwa barabarani wakaanza kupiga mlango wakitaka wapewe mwizi wao. Mnajua watu wakimtaka mwizi wanavyokuwa. Bwana Nassoro alishuka, akaamuru Asumini ampekue nyuma ya pazia la kupimia nguo. Tukasikia Asumini akisema, "Yarabi!" Alitoka na dera mkononi, amelipindua. Pembeni, mahali pa mfuko, palikuwa na mpasuo unaopitisha mkono. Ndani yake umeshonwa mfuko mkubwa kama gunia, wenye lastiki kiunoni na tena juu ya magoti. Fungu zima la mashuka lingekaa humo na mtu akatembea kama mjamzito.

Mfuko ulikuwa mtupu. Asumini alimtoa mama akiwa amefunikwa kanga mpya kutoka rafuni, maana ile yake ilikuwa imechoka.

"Huyu ni mama yangu," nilisema. "Ni muuza vitumbua."

"Mama yako!" Bwana Nassoro aligeuka. "Kumbe! Mama anabeba, binti anamchungulia njia. Na mimi nawakata mishahara wasio na hatia!"

"Tajiri, hana kitu ndani—"

"Hana leo! Mbaruku, polisi waje wachukue wote wawili."

"Mwanangu hajui lolote," mama alisema. "Hata mimi sijui. Hilo dera si langu."

"Sawa. Ni la nani?"

Hapo mama akalitazama dera lilivyopinduliwa juu ya kaunta. Mfuko ule ulikuwa umeshonwa kwa kitenge cha rangi ya machungwa, chenye picha za kasa.

Kwa muda mrefu alikuwa ameomba Bi Mishi aanguke. Aliniambia alikuwa akimwombea hata kwenye sijda, Mungu amsamehe. Sasa ilibaki kutamka jina tu, na jina likagoma. Huko nje mlango ulikuwa ukipigwa. Mbaruku alikuwa amenishika mimi bega.

"Nakuuliza, mama, ni la nani? Au ni lenu?"

"La Mishi," mama alisema polepole. "Jirani yangu. Nililianua kambani."

Polisi waliingia nyumbani kwa Bi Mishi nasi tukiwa nyuma yao. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mama kupita lile pazia tangu lilipotundikwa. Ndani ya friji mlikuwa na chupa za maji tu. Televisheni ilikuwa ya yule mwenye gari jeupe lililokuwa likiwarudisha jioni, kama friji yenyewe. Alimpa kwa mkopo, na kila safari ya mjini ilikuwa ni kulipa. Mashuka waliyomletea aliyachukua kwa bei ya sukari kilo mbili, akayauza kwa maduka mengine, na wenye maduka hayo hawakuuliza yametoka wapi. Pilau ya Jumanne ilikuwa ya siku mtoto alipopona homa ya matumbo. Hayo yote Bi Mishi aliyasema mwenyewe, kibarazani, aliporudi kutoka Pangani na kukuta askari wanamsubiri.

Hakumtukana mama. Tulitegemea matusi, majirani walikuwa wamejaa kuyasikiliza. Alimwuliza tu, "Ulilivaa?"

"Nililivaa."

"Nilikupa la kijani, Mama Saumu. Nilikupa na la maua. Kwa nini ulidhani nimekunyima?"

Mama aliifunga upya kanga yake.

"Basi ungeligeuza," Bi Mishi alisema. "Ungeligeuza tu, shoga, ungeliona ndani." Na akaingia kwenye gari la polisi na mwanawe akilia nyuma yake. Mtoto huyo alilala kwetu usiku ule na miaka iliyofuata. Ndiye yule mnayemwita Mama mdogo Rukia, aliyepika chakula cha hitima wiki hii.

Bi Mishi alifungwa. Wale wawili wengine walifungwa. Mwenye gari jeupe alionekana mjini mwezi huohuo akinunua gari jingine. Mashuka ambayo polisi waliyapata yalirudi rafuni kwa Bwana Nassoro yakauzwa. Mishahara tuliyokatwa kwa ajili ya mashuka hayo haikurudi. Mimi aliniambia nisije tena, kwa sababu mtoto wa nyoka ni nyoka, na akamtuma Mbaruku aje kwetu kuidai ile kanga aliyofunikwa mama.

Nikaanza kupika vitumbua na mama. Asubuhi ya kwanza tulipotoka na chuma chetu, mwanamke mmoja wa sokoni alituita kwa sauti, ili wengine wasikie:

"Mama Saumu! Ulilitamani dera la jirani, mbona hukuligeuza ukaona ndani?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Kesho yake tena, na watoto wakalichukua, wakalipigia makofi. Baadaye kicheko kikaisha, neno likabaki, likaanza kuhama mitaa. Mtu akimsifu mume wa mwenzake, anaambiwa. Kijana akiionea wivu pikipiki ya mwenziwe, anaambiwa. Leo liko mpaka Korogwe, na huko hawajui kama kulikuwa na dera la kweli.

Mama hakupona wivu. Nawaambia kwa sababu najua mtasikia watu wakimsifu kupita kiasi siku hizi. Alipohamia jirani mpya na kushusha makochi, mama alisimama dirishani tangu kochi la kwanza mpaka la mwisho, ameikaza midomo, mkono mmoja umelishika pazia. Aliwaona wenye nyumba wakicheka. Alivuta pumzi kutaka kusema lile neno lake la zamani, nimekosea wapi. Halikutoka. Aliliachia pazia, akarudi jikoni, akapuliza moto, na bila kumwambia mtu yeyote, si mimi wala Rukia aliyekuwa akikoroga unga, akasema:

"Ukilitamani dera la jirani, ligeuze uone ndani."