Jina Litakalopanda Mlima Kihuka

Vuteni viti karibu, na anayetafuna karanga atafune taratibu. Leo nimewaletea shauri, na nyinyi ndio mtakaolikata. Mimi mwenyewe limenishinda.

Katika kijiji cha Lihutu, kule milimani ambako kahawa inaota mpaka ukingoni mwa barabara, walikuwapo watu watatu wenye vipaji. Editha alikuwa na pua. Jirani akiunguza maharage, Editha ndiye wa kwanza kumpigia kelele, hata kama yuko kisimani. Kaka yake, Gaudensi, alikuwa na subira. Aliweza kukaa mahali pamoja kutwa nzima bila kusinzia wala kulalamika, ndiyo maana nusu ya kijiji ilimwita mvivu. Wa tatu, Zenobia, fundi cherehani, alikuwa na mikono isiyoogopa uchafu. Kitu ambacho hajakishika yeye hakiamini.

Watatu hawa walikutana kwa Otilia. Kwa Editha alikuwa wifi, kwa Gaudensi shemeji, na kwa Zenobia shoga wa tangu utotoni. Mumewe alikuwa mbali, kwenye machimbo ya makaa ya mawe, na Otilia aliendesha nyumba kwa kuoka mikate. Kila asubuhi aliipakia kwenye pikipiki akaipandisha mlima Kihuka, kwenye vitongoji ambako hakuna tanuri.

Sasa, Otilia alikuwa msafi kupita kiasi, na usafi huo ndio uliomponza. Pikipiki yake ya kwanza ilikuwa inavuja oili. Kila alfajiri aliifuta kwa kitambaa kama anavyofuta meza, ikang'aa, naye roho yake ikatulia. Kufuta alifuta, kupima oili hakupima. Siku moja, katikati ya Kihuka, injini ikanoki, ikakwama palepale. Mikate ikashuka mlima juu ya kichwa chake, imelowa mvua, na fundi alipofungua injini alikuta imekauka kabisa.

Alilia, hakuficha. Kisha akaanza kuweka akiba kwenye kikoba, na zamu yake ya kupokea fedha ilipofika akawaita wale watatu wamsaidie kuchagua pikipiki nyingine.

"Nikikosea tena, tanuri nalibomoa," aliwaambia. "Sina nguvu ya kuanza mara ya tatu."

Akawapa na ahadi. Lihutu kila pikipiki ina kipande cha mpira nyuma ya gurudumu, cha kuzuia matope, na juu yake huandikwa jina. Jina lako likiandikwa kwenye chombo cha mtu mwingine, hiyo ni heshima ambayo hata wajukuu wataisimulia. Otilia akasema, "Atakayeniokoa nisiuziwe mbuzi kwenye gunia, jina lake ndilo litakalopanda Kihuka." Na mpira ule, ndugu zangu, ni mdogo. Unabeba jina moja tu.

Wakaenda gulioni wote wanne. Dalali Kandidus alikuwa amezipanga pikipiki kuukuu kwa mstari, na mbele kabisa ilisimama nyekundu moja, inameta mpaka kwenye spoku. Otilia akaiendea moja kwa moja. Injini yake ilikuwa safi kuliko vikombe vya harusi. Mkono ukaingia mkobani.

"Wifi, subiri kwanza," Editha akasema. "Nasikia harufu ya mafuta ya taa."

"Mama, hapa ni gulioni," Kandidus akacheka. "Majiko yako kila kona."

"Si jiko. Ni hii hapa." Editha aliinama mpaka pua ikakaribia injini. "Vumbi linatoka kwa maji na sabuni. Mtu akiosha injini kwa mafuta ya taa, alikuwa anatoa oili. Na ameiosha leo asubuhi."

"Kwa hiyo usafi umekuwa kosa?"

Otilia, niwaambie ukweli, alikuwa upande wa Kandidus. Usafi lini ukawa kosa? Lakini pua ya wifi yake aliijua. Akautoa mkono mkobani, mtupu, bila kupenda.

Hapo Gaudensi akasogea. Alichana boksi la biskuti, akalitandika chini ya injini, kisha akaketi juu ya jiwe.

"Tusibishane, shemeji. Dalali, iwashe."

Kandidus akaiwasha. Wakaangalia boksi. Kavu.

"Mmeona wenyewe," Kandidus akasema.

"Bado ya baridi," Gaudensi akajibu. "Oili ya baridi ni nzito, haipiti penye upenyo mdogo. Ngoja ipate moto."

Wakangoja. Kandidus akalalamikia petroli, Gaudensi akasema atailipia yeye. Wanunuzi wakaja wakaondoka. Editha akaenda kununua dagaa, akarudi, akamkuta kaka yake hajahama hata kidole. Kandidus alikuwa ameanza kutokwa na jasho, na jua wala halikuwa kali. Ndipo tone likaanguka kwenye boksi. Likafuata jingine.

Gaudensi akalala chali, akalifuata tone mpaka lilikotoka. Tumboni mwa injini palikuwa na ufa, umezibwa kwa gundi ya chuma na kupakwa rangi ya fedha ili ufanane na injini.

"Huu ukifunguka mlimani, oili yote inamwagika," akasema, akajipangusa mgongo.

Kandidus akainamisha kichwa. Akajitetea kwamba yeye ni dalali tu, mwenye mali ni mwingine.

Otilia alimshukuru Mungu, kisha akaanza kuhesabu hasara. Masika yalikuwa mlangoni. Akirudi mikono mitupu, tanuri lingekaa baridi msimu mzima, na wateja wa mlimani wangezoea kuishi bila yeye. Akamaliza mstari wote kwa macho, asione ya kununua.

Mwisho wa mstari ilisimama pikipiki ya bluu. Ilikuwa nyeusi kwa oili kutoka injini mpaka gurudumu la nyuma, na wapita njia walishika nguo zao wasiiguse. Zenobia alikuwa tayari amechuchumaa pembeni yake.

"Shoga, achana nayo," Otilia akasema. "Mimi hata kuitazama naona kinyaa. Oili imeenea kote."

"Imeenea kote, lakini inatoka wapi? Ukienda, upepo unaipeleka nyuma, na yenyewe inateremka chini. Palipolowa sipo inapotoka."

Akatoa vipande vya vitenge mkobani, akaomba petroli kidogo, akaisugua injini ile mpaka mikono yake ikawa kama ya mchoma mkaa. Akanunua poda ya mtoto, akaipaka injini nzima ikawa nyeupe. Watu wakajaa kucheka. Kandidus mwenyewe akaipanda, aone mwisho wa vituko hivi, akaizungusha barabarani hadi ikapata moto.

Aliporudi, tumbo la injini lilikuwa jeupe vilevile. Ubavu mweupe. Juu tu, chini ya kifuniko cha kichwa cha injini, poda ilikuwa imelowa mstari mwembamba.

"Gasketi ya kifuniko, ile raba ya kuzibia, imezeeka," Zenobia akasema. "Inabadilishwa kabla chai haijapoa."

Wakaiacha ipoe. Kisha Otilia akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwenye ile ya kwanza. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa katikati ya alama, haina chenga za chuma wala harufu ya kuungua. Ndipo akanunua, tena kwa bei nzuri, maana Kandidus alikuwa ameshakata tamaa na ile ya bluu.

Gasketi ikawekwa. Asubuhi iliyofuata Otilia akapakia mikate, akaikabili Kihuka. Alipita pale ilipofia ile ya kwanza, hakupunguza mwendo. Wanawake wakatoka mashambani wakipiga vigelegele, watoto wakaikimbilia harufu ya mkate. Kileleni akasimama, akaangalia mishono yote ya injini, juu mpaka chini. Palikuwa pakavu. Alicheka peke yake, machozi yakimtoka, na hakuyafuta.

Jioni yake Albani, fundi wa kuandika, akaja na rangi nyeupe.

"Niandike nani?"

"Mkono wako ulikuwa umeshaingia mkobani, wifi," Editha akasema. "Nisingenusa, leo ungekuwa unautazama ule ufa."

"Pua haikuuonyesha ufa," Gaudensi akasema. "Ulikuwa bado unaitaka nyekundu, shemeji, mpaka tone lilipoanguka."

"Nyinyi mlimzuia asinunue," Zenobia akasema. "Mkate haupandi mlima kwa kutonunua."

Hata Kandidus, aliyekuwa anapita na safari zake, akachungulia uani. "Si mniandike mimi niliyewauzia?" Wakamfukuza kwa kicheko.

Otilia akawatazama mmoja mmoja. Kila mmoja alisema kweli, na kila mmoja alimpenda. Akaugeukia mpira mdogo, mweusi, mtupu. Unga wa kesho ulikuwa umeshaanza kuumuka, na alfajiri pikipiki ile ingepanda Kihuka mbele ya macho ya watu wote.

Haya, wasikilizaji wangu. Albani amechovya brashi, na rangi inaanza kukauka. Wewe ungemwambia aandike jina la nani?