Kwa Nini Uzito wa Mtoto Hubishiwa Hodi

Kabla klasi hazijawekwa milango, katika ofisi moja ya waandishi wa programu kule Tukuyu, kila kitu kilikaa wazi kama chungu kisicho na kifuniko. Sekela ndiye aliyeandika klasi ya Mtoto, kile kipande cha programu ya zahanati kilichotunza jina, umri na uzito wa kila mtoto. Msimbo, yaani maagizo ya programu, wa mwenzake yeyote uliweza kuingia humo moja kwa moja na kubadili utakacho. Nao walijisifia, masikini. "Sisi ndugu bwana, tufungiane milango ya nini?" alipenda kusema Ambokile, na Sekela alicheka akakubali.

Basi zahanati ikaletewa mizani mpya, inayopima kwa ratili, ambayo haifiki hata nusu kilo. Ambokile akaiunganisha na programu, akachukua namba kama ilivyo na kuitumbukiza kwenye uzito. Klasi ikapokea, maana hapakuwa na wa kuuliza. Nayo programu ilikokotoa dozi za dawa kwa kilo.

Wiki hiyohiyo dada yake Sekela akajifungua binti, na mtoto akapata homa. Walimpeleka zahanati hiyohiyo; Sekela alikuwa amempakata, mwepesi kama kifaranga, nesi alipomchukua, akampima, akavuta dawa kwenye sindano. Sekela akatupa jicho kwenye kompyuta. Uzito: kilo saba.

Kilo saba, kichanga wa juzi!

"Nesi! Weka chini hiyo sindano!" alipiga kelele mpaka watu wa nje wakachungulia dirishani. "Mtoto huyu hafiki hata kilo nne!"

Nesi akasoma tena, sindano ikamtoka mkononi. Dada mtu akaangua kilio. Sekela alikaa sakafuni, kwa kuwa klasi iliyoachwa wazi ilikuwa yake.

Alirudi ofisini, akaifunga klasi yote. Akaacha milango miwili tu: mmoja wa kutoa, unaokuonyesha uzito bila kukuruhusu kuugusa; mwingine wa kuweka, unaouliza kwanza ni kilo au ratili, na mtoto ana umri gani, na jibu lisipoingia akilini unakufukuza. Ambokile mwenyewe akaubadili msimbo wa mizani upite mlango huo.

Na tangu siku hiyo, katika ofisi ile, hakuna msimbo unaogusa data ya klasi bila kupiga hodi. Hata watu wenyewe hugonga meza ya mwenzao kabla ya kuuliza neno. Anayeingia bila hodi ni mmoja tu, yule binti wa dada yake Sekela. Siku hizi akitoka shule husukuma mlango kwa kishindo, na Ambokile huinuka upesi kumpisha kiti.