Aliyeinama Chini ya Gari

Mama mmoja alikuwa na kizimba cha nyanya sokoni, alichorithi kwa mama yake, na mali nyingine hakuwa nayo. Jina lake Atuganile. Mafungu aliyapanga kama wapangavyo wenzake: nyanya ngumu juu, zilizolegea chini. Mteja akibishana sana, hakugombana naye. Alicheka, akamwambia haya, chukua. Kisha kiganja chake kilipozoa fungu kulitia katika mfuko wa mteja, nyanya mbili zilibaki mezani. Bei ilishuka, na fungu likashuka nalo. Mteja akaenda zake anajisifu. Na sokoni jambo hilo haliitwi wizi, jamani. Huitwa kujua biashara.

Kwa kuwa aliujua mkono wake, hakuuamini mkono wa mtu. Sukari ya dukani aliipima upya nyumbani. Hata kikapu cha sadaka alikifuata kwa macho mpaka kifike mbele.

Ikatokea shule moja ya bweni, huko juu mlimani, ikamtaka apeleke nyanya kila siku. Huo ndio mlango aliouomba miaka yote. Lakini magari ya mafuta yangekula faida yote, ndipo akasikia kuna watu mjini wanakodisha magari ya umeme kwa mkataba: unatoa kishika uchumba, yaani malipo ya kwanza, kisha unalipa kila mwezi, gari unaendesha wewe lakini wenyewe ni wao. Kuendesha alijua, alifundishwa na marehemu mumewe. Mikataba ya namna ile hakuwahi kuigusa. Na kishika uchumba chenyewe kingepatikana kwa njia moja tu, kuuachia mkono wa mwingine kile kizimba kwa fedha.

Yadi ya kwanza alimkuta bwana mmoja mkavu, hacheki. Alitaja bei, akataja na mwendo, zile kilomita ambazo gari linaruhusiwa kwenda kila mwezi, akasema mlima unakula betri. Kisha akamuuliza anakwenda wapi kila siku. Atuganile akashtuka. Njia yangu anaitakia nini huyu? Akaomba apunguziwe, akakataliwa. Akaanza kutembea kuelekea getini, polepole, ule mwendo wa mteja anayetaka kuitwa. Hakuitwa. Basi akajua moyoni kwamba mtu asiyeshusha bei ana lake jambo.

Yadi ya pili alipokewa na kijana mcheshi, Elikana, akamwita mama na kumletea soda. Kizibo alikikagua kwanza. Akagonga milango, akanusa viti, akapiga magoti na kitenge chake akainama kutazama chini ya gari, maana chini ndiko anakojua yeye mabaya yanakowekwa. Gari lilipowashwa halikutoa sauti, akasema limekufa hili, mnanifanya mtoto. Ikabidi Elikana alisogeze mbele na nyuma ndipo aamini.

Kisha wakaingia kwenye bei. Atuganile akaenda getini, akaitwa. Elikana akaingia ofisini na karatasi, akatoka na karatasi nyingine, bei imeshuka. Akaenda tena getini, akaitwa tena, karatasi ikabadilishwa tena. Jicho lake lilikuwa kwenye ile bei tu, linaishangilia inavyoteremka. Nimemweza, alijisemea, mtoto wa juzi huyu! Akatia sahihi, akaenda kukabidhi kizimba cha mama yake kwa mtu baki.

Mwezi haujafika mwisho, asubuhi moja alisimama mashambani kupakia matenga. Aliporudi kwenye usukani gari likagoma. Kioo kiliandika kwamba mwendo wa mwezi huu umekwisha. Akabonyeza, akaomba, akapiga usukani kwa ngumi. Jua likapanda, nyanya zikaanza kutoa maji. Jiko la shule halimsubiri mtu. Kesho yake alikuwa akipeleka mwingine.

Akashuka mjini mpaka yadi ya pili, akamwita Elikana mwizi mbele za watu. Kijana hakukasirika. Alimvutia kiti, akacheka lile cheko lake.

"Mama, kila ukitoka getini ulitaka nipunguze. Nami nikapunguza."

Atuganile akaziomba zile karatasi, akazisoma. Kila bei iliposhuka, na mwendo wa gari ulishuka nao, na karatasi zote zilisema hivyo. Alimshuku bwana mkavu aliyemwambia kweli. Alikishuku kizibo cha soda. Kitu kimoja tu hakukishuku, nacho ni ushindi wake. Na cheko lile lilimuuma kuliko hasara, kwa sababu alilitambua. Lilikuwa lake mwenyewe.

Akarudi kwa miguu, akapita sokoni. Kwenye kizimba cha mama yake alisimama mwanamke mgeni, na mteja mmoja akibishana naye. Mwanamke akacheka, akasema haya, chukua. Atuganile alikiona kiganja. Aliziona na zile mbili zilizobaki mezani, akaona haya kama aliyevuliwa nguo, akainamisha kichwa akapita.

Nanyi mnaonisikiliza, hodari wa kuinama chini ya gari la mwenzenu: fungu lenu wenyewe mliliinamia lini?